Data zetu ni huria, lakini bado si wazi

Mwezi jana nilipigiwa simu na mwalimu aliyenifundisha Kiswahili katika shule ya msingi. Amestaafu miaka mingi, na siku hizi macho yake hayaoni tena. Baada ya kujuliana hali, aliingia moja kwa moja kwenye hoja: “Mwanangu, hebu njoo unisaidie. Kuna Mzungu ndani ya kompyuta hii ananisomea Kiswahili kama mtu anayetafuna changarawe.”

Nilifika kwake Jumamosi. Mjukuu wake alikuwa amemwekea NVDA, programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Ni programu isiyolipiwa, na ilianzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye yeye mwenyewe haoni. Mwalimu alikuwa akitafuta tangazo la kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti katika tovuti ya ofisi moja ya umma. Ofisi hiyo sitaitaja, kwa sababu kosa lake ni kosa la wengi.

Tangazo lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili kisicho na doa. Tatizo lilikuwa sauti. Neno “wake” lilitoka “weik”, “pale” likawa “peil”, nalo “wananchi” likavunjwavunjwa hata sikulitambua. Chini ya tangazo palikuwa na kiungo cha majedwali ya bajeti. Tulipoyafungua, sauti ilikatika. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha kwa skana, na kwa mashine ile picha ya maandishi haina tofauti na picha ya ukuta. Mwalimu alibonyeza, akabonyeza tena. Kimya.

“Niliwafundisha kwamba Kiswahili husomwa jinsi kilivyoandikwa,” akasema. “Irabu tano, kila moja na sauti yake. Mbona mashine hii haikupita darasani kwangu?”

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu. Jibu lenyewe linahusu vifaa vya kuundia tovuti, linahusu data ambazo serikali huziweka mtandaoni, na zaidi ya yote linahusu maneno mawili ya Kiswahili ambayo tumeyachanganya: huria na wazi.

Nianze na vifaa. Kila ukurasa wa wavuti hutanguliwa na mistari michache ambayo msomaji haioni. Mmojawapo huiarifu mashine kwamba ukurasa huu umeandikwa kwa lugha fulani. Lugha hutajwa kwa msimbo mfupi: Kiingereza ni en, Kifaransa ni fr, Kiswahili ni sw. Anayetaka kubainisha zaidi anaweza kuandika sw-KE kwa Kiswahili cha Kenya, au sw-TZ kwa cha Tanzania. Programu zinazowasomea wasioona huutazama msimbo huo ndipo zichague sauti na kanuni za matamshi. Miongozo ya kimataifa kuhusu tovuti zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, iitwayo WCAG, imeliweka sharti la kutaja lugha ya ukurasa katika ngazi A, yaani ngazi ya chini kabisa ambayo kila tovuti inatarajiwa kuifikia.

Nilifungua msimbo wa ukurasa ule wa tangazo. Palipostahili kuwa na sw palikuwa na en.

Ni nani aliyeamua hivyo? Kwa maoni yangu, hakuna aliyeamua. Ukifungua faili tupu la HTML katika Visual Studio Code, programu ambayo vijana wengi wetu huitumia kuandika msimbo, ukaandika alama ya mshangao na kubonyeza kitufe cha Tab, mifupa ya ukurasa mzima hujitokeza yenyewe. Katika mifupa hiyo lugha imekwisha kujazwa: en. Kijana aliyepewa kazi ya kuunda tovuti ile pengine hakuketi akakusudia kumdhulumu mtu. Alipokea kiolezo, akakijaza maneno ya Kiswahili, akaenda zake. Naye mkubwa wake akautazama ukurasa kwa macho, akauona unapendeza, akaupitisha. Kiingereza kilikuwa kimeketi kwenye kiti kabla mgeni yeyote hajaingia chumbani.

Nilifanya jaribio. Niliuhifadhi ukurasa ule kwenye kompyuta ya Mwalimu, nikafuta en, nikaandika sw, kisha nikaufungua upya. NVDA hubeba sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sauti ikabadilika. Lafudhi ilikuwa ya mashine, sikatai, lakini kilikuwa Kiswahili. “Wake” ikawa wake, “pale” ikawa pale. Mwalimu alisikiliza tangazo hadi mwisho, akatikisa kichwa: “Ati herufi mbili tu?”

Ndiyo, herufi mbili. Lakini kuhusu majedwali ya bajeti sikuwa na la kufanya, na hapo ndipo maneno huria na wazi yanapoingia.

Wataalamu wa habari na mawasiliano hupenda kusema kwamba serikali za kisasa huweka data zao mahali ambapo kila mtu anaweza kuzichukua na kuzitumia. Katika Kiswahili dhana hii imeitwa data wazi, data huria na hata takwimu huria. Hilo la mwisho tuliweke kando. Takwimu ni hesabu zilizokusanywa na kupangwa, ilhali orodha ya zahanati za kaunti au ramani ya visima si takwimu, ingawa ni data. Mvutano halisi uko baina ya huria na wazi, na aghalabu waandishi huyatumia maneno haya kana kwamba ni pacha.

Si pacha. Huria inahusu kutozuiliwa. Tunasema soko huria, yaani soko ambalo bei haipangwi kwa amri. Jirani zetu wana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho mwanafunzi wake hafungwi na kuta za bweni wala ratiba ya mhadhara. Tunasema programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Wavuti wenyewe ulienea kwa sababu ulifanywa huria: tarehe 30 Aprili 1993, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi kiliiachia dunia teknolojia ile bila kudai malipo. Kwa ufupi, huria hujibu swali, “Je, ninaruhusiwa?”

Wazi ni jambo jingine. Mlango ulio wazi unapitika, lakini hatuishii hapo. Twasema pia jambo liko wazi, sema waziwazi, eleza kwa uwazi. Katika matumizi haya wazi ni kile kinachoonekana na kueleweka, kisicho na ukungu. Wazi hujibu swali, “Je, ninaelewa?”

Lugha ya Kiingereza imeyabeba maswali yote mawili kwa neno moja, na sisi tukaitafsiri dhana bila kuona kwamba Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuitenganisha. Waama, hapa lugha yetu inatupa kipimo bora kuliko kile tulichoazima. Kitu kinaweza kuwa huria na kisiwe wazi. Majedwali ya Mwalimu yalikuwa huria: yapo mtandaoni, hayana malipo, hayaulizi nywila. Wazi hayakuwa hata kidogo.

Kenya haikuchelewa katika safari hii. Tarehe 8 Julai 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya taifa ya data huria, na nchi yetu ikahesabiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika kuchukua hatua hiyo. Miongoni mwa data zilizowekwa humo ni zile za sensa ya mwaka wa 2009. Miaka mitatu kabla ya hapo, Januari 2008, Wakenya walikuwa wameunda Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za raia kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi na kuzionyesha kwenye ramani. Programu hiyo ilikwenda kutumika hadi Haiti baada ya tetemeko la mwaka wa 2010, na popote ilipofika ilifika na jina lake la Kiswahili.

Sheria nazo zipo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inasema ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria hiyo hiyo inazitaka ofisi za umma, zinaposambaza habari, zizingatie haja ya kuwafikia watu wenye ulemavu, gharama, na lugha ya mahali husika. Swali, basi, unaweza kuliuliza kwa Kiswahili. Ukifika kwenye tovuti, aghalabu jibu limekwisha kuwekwa kwa Kiingereza.

Kipimo kinachotumiwa sana duniani kukadiria ubora wa data huria ni nyota tano zilizopendekezwa mwaka wa 2010 na Tim Berners-Lee, yule aliyebuni wavuti. Nyota ya kwanza hupewa data iliyo mtandaoni kwa leseni huria, hata ikiwa picha ya skana. Ya pili hupewa data ambayo mashine inaweza kuisoma, mathalan jedwali la Excel. Ya tatu ni kwa muundo wa faili usiomilikiwa na kampuni, kama vile CSV. Ya nne na ya tano zinahusu anwani za kudumu za kila kitu kilichomo, na kuziunganisha data hizo na za wengine. Ni kipimo kizuri, na ninakiheshimu. Lakini zihesabu nyota zote tano, kisha uniambie ni ipi inayouliza iwapo mwenye data anazielewa. Hakuna. Jedwali linaweza kuvuna nyota zote huku mkulima wa Bumula au mvuvi wa Shimoni akilitazama kama mtu anayetazama hirizi.

Najua nitapingwa. Pingamizi la kwanza nimelisikia kwa wahandisi: “Data ni tarakimu, na tarakimu hazina lugha.” Haya, chukua 4,500,000. Ni nini hizo? Shilingi, lita au watu? Na ikiwa ni shilingi, je, zilitengwa, zilitolewa au zilitumika? Anayeifahamu bajeti ya kaunti anajua kwamba kati ya maneno hayo matatu ndipo maswali yote ya mwananchi yalipolala. Fedha hutengwa mwezi wa Juni, zikatolewa nusu, zikatumika robo. Kinachotofautisha hatua moja na nyingine ni maneno mawili matatu yaliyoandikwa juu ya safu ya jedwali. Yafute maneno hayo, na tarakimu zinageuka kokoto.

La pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hili hunishangaza kila ninapolisikia, kwa kuwa wanaolisema wanaishi katika nchi ambayo magazeti na redio hutangaza habari za bajeti kwa Kiswahili kila mwaka. Mwananchi wa kawaida amekwisha kusikia bajeti ya ziada, matumizi ya maendeleo, matumizi ya kawaida, zabuni, basari, hazina, ushuru na mgao wa kaunti. Maneno yako sokoni, wala hayangoji kongamano. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa gazetini na kuyaweka juu ya safu za jedwali.

La tatu linatoka kwa vijana: mashine itatafsiri. Ni kweli, vivinjari vya kisasa vinatafsiri, na mara nyingi vinafanya kazi ya kuridhisha. Lakini mashine ikikutana na jedwali haina sentensi ya kuielekeza. Ina neno moja tu, limesimama peke yake juu ya safu. Itajuaje kama neno hilo ni mswada wa bungeni au bili ya maji? Itajuaje kama ni wadi ya hospitali au wadi ya mwakilishi? Fauka ya hayo, mashine inayotafsiri hukosea kwa urahisi inapopewa picha iliyopotoka ya ukurasa uliopigwa mhuri.

La nne ndilo zito zaidi, nami silikwepi. Wakenya waliosoma wanajua Kiingereza, na Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya wengi wetu. Kweli tupu. Mwalimu wangu anakijua Kiingereza kuliko mimi. Sidai Kiingereza kifutwe kwenye majedwali. Ninadai Kiswahili kiketi kando yake, na pale panapowezekana lugha nyingine za Kenya zifuate, kwani nazo zina misimbo yake: Kidholuo ni luo, Gikuyu ni ki, Kikamba ni kam. Kumbuka pia kwamba tangazo lililomtesa Mwalimu lilikuwa la Kiswahili tayari. Ofisi ilikuwa imetimiza wajibu wa kuandika. Iliyoshindwa ni tovuti, ambayo ilikipokea Kiswahili na kukisajili kwa jina la lugha nyingine.

Hapa sina budi kuugeuza mjeledi na kutuelekezea sisi wasomi wa Kiswahili. Kwa miaka mingi tumebishana makongamanoni kuhusu jina la mashine. Tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Mtandao, mdahalishi au intaneti? Mijadala hiyo ilikuwa na faida yake. Neno pakua, ambalo wapishi walilitumia kwa wali na mabaharia kwa shehena, leo linatumiwa na mtoto wa darasa la nne anayetafuta wimbo kwenye simu, na halikuhitaji kuelezwa kwa sababu lilitoka katika kazi ambayo watu waliifahamu. Lakini tulipokuwa tukiipa mashine majina, hatukuuliza mashine nayo inakiita Kiswahili kwa jina gani. Katika kurasa nyingi inakiita Kiingereza. Mimi mwenyewe nimewahi kuandikia tovuti kadhaa, na sikuwahi hata siku moja kufungua msimbo wake nikatazama mstari ule wa juu. Kisa cha Mwalimu kimenifundisha kwamba kuhariri ukurasa wa wavuti ni pamoja na kuhariri yale yasiyoonekana.

Tufanye nini basi? Kwanza, wanaofundisha vijana kuunda tovuti wawafundishe kubadilisha msimbo wa lugha kabla ya kuandika neno la kwanza, kama mwalimu anavyomfundisha mtoto kuandika jina lake kwenye daftari kabla ya insha. Kazi hii haina gharama. Pili, ofisi za umma ziache kuchapisha jedwali, kulipiga mhuri, kulipitisha kwenye skana na kisha kudai limewekwa wazi. Jedwali hilo lilizaliwa kwenye kompyuta. Litolewe jinsi lilivyozaliwa, na picha yenye mhuri iandamane nalo kwa wanaotaka sahihi. Tatu, kila jedwali liwe na faili ndogo ya kueleza vichwa vya safu kwa Kiswahili na Kiingereza. Idara zetu za Kiswahili vyuoni, pamoja na vyama kama CHAKITA, zinaweza kuandaa orodha moja ya istilahi hizo na kuitoa kwa leseni huria ili kaunti zote 47 ziitumie. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanzia hapo.

Nilipokuwa nikiondoka kwa Mwalimu, tuliiandikia ofisi ile barua pepe. Aliisema yeye, nikaiandika mimi, kwa Kiswahili, kama sheria inavyoruhusu. Aliomba mambo mawili: en ifutwe na sw iandikwe, na majedwali ya bajeti yatolewe kwa faili inayosomeka. Wiki mbili baadaye alinipigia. Ombi la kwanza limetimizwa, na sasa tangazo linasomeka. La pili bado.

“Kikao kilishapita,” aliniambia. “Nilikwenda. Walituuliza kama tuna maoni kuhusu bajeti. Nikawauliza, bajeti ipi?”